Nilivyopata kazi ya dokumentari ya Wakanada hapa Mwanza baada ya kuelewa nafuu yao ya kodi

Wadau habari zenu. Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wa kanda ya ziwa mnaofanya kazi za kamera, maana nilikaribia kupoteza kazi nzuri sana kwa kutokujua kitu kimoja tu na hakuna aliyewahi kuniambia.

Mwaka juzi kampuni ndogo ya Toronto ilikuwa inatafuta mtu wa kuwasimamia shughuli huku, wanafanya dokumentari ya akina mama wanaoanika dagaa. Nikawaandalia bajeti kama ninavyowaandalia watu wa Dar, nikaweka boti, gari, vibali, vibarua, alafu nikaongeza na kuedit pamoja na kuchanganya sauti kwa sababu vijana wangu wa Nyakato wanaziweza hizo kazi na bei yao huwezi kuifananisha na ya huko. Jumla dola 58,000 za Kanada. Mimi najua hapo nimemsaidia prodyuza, nimemwokolea hela. Kesho yake ananijibu kwamba bei ni nzuri ila hawezi kuichukua, akiichukua anapata hasara. Iliniuma, na vijana nilishawaambia kazi ipo.

Nikampigia nikamwomba anieleze taratibu, na namshukuru kwamba alinieleza. Jimbo lao la Ontario, ambako ndiko Toronto iliko, lina nafuu ya kodi inayoirudishia kampuni ya filamu sehemu ya malipo ya kazi waliyolipwa watu wa jimbo hilo, ni 35%, na prodyuza anayeanza anapata 40% kwenye dola 240,000 za kwanza za malipo hayo. Yeye ndo alikuwa anaanza na alikuwa na kama 90,000 za kulipa watu wake, kwa hiyo alikuwa anasubiri 36,000. Na hiyo inakuja hela kabisa hata kama kampuni haidaiwi kodi yoyote, siyo kama Georgia kule Marekani, kule wanakupa 20% ya matumizi na 10% juu yake ukiweka nembo ya jimbo, lakini ni haki ya kupunguziwa kodi tu, kama huna kodi ya kulipa inabidi umuuzie mwingine mwenye nayo.

Sasa sikiliza. Mtu anahesabika ni wa Ontario kama alikuwa mkazi wa pale tarehe 31 Disemba ya mwaka uliotangulia kuanza kushuti. Kwa hiyo sisi wa Mwanza hata tuwe hodari vipi malipo yetu hayarudishiwi hata senti. Hilo prodyuza alishalijua na alikuwa tayari. Kilichomkaba ni sharti lingine, kwamba angalau 75% ya gharama zote za filamu zitumike ndani ya Ontario. Dokumentari zinasamehewa sharti la siku za kushuti ndani ya jimbo, ndo maana waliweza kuja mpaka Igombe, ila kwenye hela hakuna msamaha. Filamu yake nzima ilikuwa 200,000, nje ya jimbo mwisho ni 50,000, na mimi peke yangu nishamwandikia 58,000 kabla hata hajalala hotelini. Akivuka pale anakosa zile 36,000 zote, hakuna kusema atakatwa kidogo.

Nikakaa usiku ule nikatoa edit na sauti. Kuwaambia vijana ilikuwa ngumu kuliko hesabu yenyewe. Bajeti ikashuka mpaka 39,000, akabaki na 11,000 za malazi, chakula na dharura, na wiki hiyohiyo akasaini.

Kwenye malipo kuweni makini sana jamani. Ile hela ya jimbo inachelewa, lazima filamu ipewe cheti kwanza na Ontario Creates, ofisi ya jimbo inayosimamia mambo ya filamu, kisha kampuni iombe ikipeleka hesabu zake za mwaka kwa watu wa kodi wa Kanada, ni miezi, na maprodyuza wengi wanaenda benki kukopa kwa kuitegemea hiyo. Mtu asikwambie atakulipa ikitoka. Niliomba 60% kabla ya kufika na iliyobaki siku ya kuondoka, nikapewa.

Kasheshe ikawa risiti. Mhasibu wao anataka karatasi ya kila shilingi iliyotumika huku, ili aoneshe ipi ya nje na ipi ya ndani. Nenda Kirumba mwaloni kamuulize mwenye boti risiti! Mzee mmoja akaniangalia, akasema, "Mwanangu, risiti nitaitoa wapi, hesabu za boti hii zimo kichwani mwangu." Nikamwambia sawa Mzee, tutaandika wote. Nikanunua kauntabuku, kila mstari tarehe, kazi, kiasi, namba ya NIDA, namba ya simu, na sahihi au dole gumba, na kila mtu nikamlipa kwa simu ili meseji ya muamala ibaki, jioni naandika na kiwango cha dola cha siku hiyo. Wale mama walikuwa wanasaini wametoka kugeuza dagaa kwenye mchanga, kurasa zikajaa magamba yanang'aa, na mhasibu alizipokea hivyohivyo.

Kuna jambo moja bado linanikaa rohoni. Ontario wanaongeza 10% kwa filamu inayoshutiwa nje ya eneo la Toronto na miji inayoizunguka, yaani serikali imeona kazi zote zinarundikana sehemu moja ikaamua kuwavuta watu mikoani. Sisi kila shuti ni Dar, hata stori ya mvuvi wa Ukerewe utakuta imechukuliwa Bagamoyo. Nikikutana na watu wa Bodi ya Filamu nalisema hilo kila mara, na nitaendelea kulisema, maana huku tuna mawe, visiwa, ziwa na watu wanaojua kazi.

Mwezi wa tatu mwaka huu prodyuza yuleyule kanitafuta tena, filamu kubwa zaidi. Kabla sijaandika bei ya kitu chochote nikamuuliza jumla yake ni ngapi, nikachukua robo yake ambayo ndo mwisho wa kutumika nje ya Ontario, nikapunguza hoteli zao, ndo nikaanza kupanga vyetu ndani ya iliyobaki. Safari hii ikatosha, vijana wa Nyakato nao wamepata kazi na wameanza jumatatu.