Vikao sita vya hipnosi kwa hofu ya lifti: kinachofanyika ukiwa kitini

Neno lenyewe ndilo linaloanza kupotosha. Hipnosi, yaani kutulizwa na mtaalamu hadi akili izame kwenye jambo moja na kupokea maneno yake, limetokana na neno la Kigiriki la usingizi, na aliyelieneza ni James Braid, daktari wa upasuaji kutoka Scotland aliyefanyia kazi Manchester. Kitabu chake kilitoka mwaka 1843. Miaka minne baadaye alitaka neno libadilishwe, maana wengi aliowatibu hawakuwa wamelala. Alichelewa. Nami nilitibiwa mji huohuo, na mama aliponipigia simu kutoka Tanga swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu, wakishakulaza, nani atajua wamekufanya nini?"

Hulazwi. Vikao vyote sita nililisikia gari la taka likirudi nyuma pale nje, nilikohoa, nilijikuna shingo, na siku moja niliomba dirisha lifungwe. Ni kama mtu aliyezama kwenye bao huku watu wanapita njiani: anawaona, ila hawamhusu. Ukitaka kufumbua macho na kuondoka, unaondoka.

Shida yangu ilikuwa hofu ya kufungiwa: lifti, tramu iliyojaa, choo cha ndege. Nililipa pauni 70 kwa kikao, vikao sita ndani ya wiki nane. Hofu ilitoka 9 kati ya 10 ikashuka hadi 3. Kwa matatizo ya aina hii vikao vinne hadi vinane ndiyo hesabu ya kawaida. Anayekuahidi kupona kwa kikao kimoja, au anayekuuzia kumi na mbili kwa mkupuo kabla hajakusikiliza, mwache.

Kuhusu kumchagua mtaalamu: Uingereza, sheria haimzuii mtu yeyote kujiita mtaalamu wa hipnosi. Huduma ya afya ya taifa, NHS, huitoa kwa nadra, kwa hiyo wengi tunajilipia. Niliwapigia watatu, dakika 15 kila mmoja, nikawauliza yaleyale. Mbali na hipnosi umesomea nini? Una bima ya kazi? Uko kwenye daftari la hiari la CNHC, baraza linaloorodhesha watoa tiba mbadala? Nani anasimamia kazi yako? Nilimchukua aliyekuwa mshauri nasaha kwanza, hipnosi akaiongeza baadaye. Kwa walio Kenya, uliza kama amesajiliwa kuwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia chini ya sheria ya mwaka 2014. Hipnosi ni kifaa tu. Muhimu ni kwamba anayekishika aweze kukutibu hata bila hicho kifaa.

Kikao cha kwanza kilichukua dakika 90 na nusu yake ilikuwa maswali: dawa ninazotumia, pombe, usingizi, kifafa, kama nimewahi kusikia sauti wasizozisikia wengine. Usifiche hapo. Mwenye saikosisi, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au asikie yasiyokuwepo, hafai kufanyiwa hipnosi, inaweza kumzidishia, na aina fulani za matatizo ya haiba pia zinakataza. Dawa za daktari haziachwi kwa sababu umeanza vikao. Halafu tuliandika lengo. "Nataka kuwa na amani" lilikataliwa kwa sababu halipimiki. Likawa "kupanda lifti peke yangu hadi ghorofa ya saba bila kushuka njiani".

Alinijaribu kidogo pia, aone naingia hipnosi kwa wepesi gani: nyoosha mikono, fumba macho, waza kitabu kizito juu ya mmoja na maputo yanauvuta mwingine. Mikono yangu iliachana kwa upana wa kiganja, jambo la kawaida tu. Wachache wanaingia haraka sana, wachache karibu hawaingii kabisa, wengi tuko katikati. Halihusiani na udhaifu wa akili wala ujinga.

Kuingia kwenyewe si kwa ajabu. Unakaa, unakazia macho nukta iliyo juu kidogo ya usawa wa macho mpaka kope zichoke zenyewe, na kuchoka kutatokea tu maana macho yameinuliwa. Unatoa pumzi ndefu kuliko unayovuta. Baada ya kama dakika tano kope zinatetemeka, mikono inakuwa mizito, mate unayameza polepole. Kisha anahesabu kushuka kutoka 10 hadi 1 ili uzame zaidi.

Hapa ndipo kikao cha pili kilipoharibika. Katika kuhesabu alisema: "Uko ndani ya lifti, inashuka ghorofa moja moja." Moyo ulinipiga, nikafumbua macho. Alikuwa anafuata maneno aliyozoea bila kuangalia fomu yangu. Aliomba radhi, nasi tukatengeneza njia nyingine: ngazi kumi za mawe za kushuka ufukweni, maji yamekupwa, mchanga umekaza na una unyevu chini ya nyayo. Aliongea Kiingereza, hesabu nikaifanya mwenyewe kimoyomoyo kwa Kiswahili, na ikazamisha mara mbili zaidi. Basi kabla ya kufumba macho mweleze taswira zipi zina ubaya kwako: bahari kwa aliyenusurika kuzama, msitu kwa aliyekimbia vita, kitanda kwa aliyeumizwa kitandani. Usingoje aulize.

Tiba yenyewe inaanza mwili ukishatulia. Tulipanga ngazi ya hofu: 2 ni kusimama mbele ya lifti iliyo wazi, 4 kupanda ghorofa moja na mtu, 6 ghorofa tano peke yangu, 9 lifti imekwama na taa imezimika. Tulianzia 2. Unaiona picha kwa undani wake, baridi ya kitufe, mlango unavyosita kabla ya kufunga. Hofu ikifika 7 unainua kidole cha shahada. Picha inasimamishwa, unapumua, hofu ikishuka hadi 3 picha inaendelea. Inasimama tu, haikatwi kabisa hofu ikiwa kileleni, kwa sababu ukikimbia hapo mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kikao kimoja kilimaliza vidato viwili tu. Inachosha, na kuna dakika inachosha kama foleni ya benki.

Maneno anayokupandikizia yaseme unachotaka kitokee. Ukiambiwa "hutaogopa", kinachobaki kichwani ni kuogopa. "Miguu imetulia sakafuni, pumzi inatoka taratibu" inafanya kazi kwa sababu mwili una la kutekeleza. Tuliongeza ishara pia: kugusanisha kidole gumba na cha shahada kila utulivu unapofika 8 au zaidi, tena na tena kwenye vikao vitatu, kabla ya kuitumia mahali halisi. Wengi huijaribu mara ya kwanza wakiwa tayari wanatetemeka, ikiwashinda wanasema ni uongo.

Machozi huja bila kuitwa. Mtaalamu mzuri hashtuki wala hachimbi. Akianza kukurudisha utotoni kutafuta "chanzo kilichofichika", kataa. Kumbukumbu zinazoibuka ndani ya hipnosi huja zikiwa wazi sana na mtu huziamini mno, lakini uwazi wake si ushahidi kwamba jambo lilitokea. Familia zimevunjika kwa hilo.

Kutoka ni kuhesabu 1 hadi 5, na maneno ya uzito wa mikono na kope yanafutwa moja moja. Yasipofutwa unaondoka na kichwa kizito. Nilikaa dakika kumi na glasi ya maji kabla ya kwenda kituoni, na sikuendesha gari siku za vikao.

Nyumbani nilipewa rekodi ya dakika 18, mara moja kila siku. Wiki ya kwanza niliisikiliza kitandani saa nne usiku, nikalala kila mara kabla ya dakika ya sita. Usingizi ni mtamu lakini si hipnosi, huo ni kulala tu. Nikahamia kitini, saa kumi na mbili jioni, miguu chini. Daftari lilikuwa na safu tatu: tarehe, hofu kabla, hofu baada. Na kila wiki, kidato kilichopita kwenye picha kilirudiwa kwenye lifti ya kweli kabla ya kikao kinachofuata. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililotibu. Hipnosi ilinisaidia kulithubutu. Wiki niliyokwepa, namba hazikusogea, ingawa rekodi niliisikiliza siku zote saba.

Kikao cha sita tulikifanyia ndani ya lifti ya jengo la maegesho ya magari, chini hadi ghorofa ya saba, mara nne, yeye akibaki chini akinisubiri. Safari ya kwanza niliandika 6, ya pili 5. Ya tatu nilijikuta nakerwa na harufu ya mkojo kuliko mlango uliofungwa.