Mate ya Kijani

Saa moja asubuhi tulishuka feri upande wa Likoni, mimi na muuguzi, na katoni ya vichupa vya mate. Barafu hatukubeba. Dawa iliyo kwenye kifuniko humwagika ukikifunga, na ikishachanganyika na mate, DNA hukaa miezi bila kuharibika, hata kwa joto la Mombasa mwezi wa Februari.

Tulikuwa tunatafuta alama za methili, zile zinazojibandika kwenye DNA bila kubadili herufi zake, tuwalinganishe wenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na wasio nayo. Kabla ya mate huja maswali tisa ya PHQ-9, dodoso la kupima sonona: kila moja 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 mtu huhesabiwa kuwa huenda ana sonona. Neno lenyewe halikutufikisha mbali. Mama wa kwanza alimtazama muuguzi: "Mwanangu, ugonjwa huo sina. Nina mawazo tu." Akapata 16.

Mate yake yaligoma. Alikuwa akitumia amitriptilini, dawa ya sonona inayokausha kinywa, kwa hiyo wale tuliowahitaji zaidi ndio waliotoa haba. Mstari wa kichupa ni mililita 2, na povu halihesabiwi. Muuguzi akamwambia asugue mashavu, awaze embe mbichi ya pilipili. Dakika 12, mstari ukafikiwa.

Kisha akaja kijana, shavu limefura muguka, majani ya kutafuna. Alitema kijani kitupu. Mashine inayopima DNA kwa mwanga haijui ya mtu na ya jani, na utomvu wa majani huzuia vimeng'enya vya maabara. Tukampa maji asukutue, asubiri nusu saa bila kula, kunywa wala kuvuta. Alirudi na kipande cha sigara kidoleni. "Ah, dada, hii nayo mmeihesabu?" Tukaanza upya.

Tuliihesabu, ila vibaya. Sigara hushusha methili kwenye jeni ya AHRR kwa namna iliyo wazi mno, na wenye sonona mara nyingi huvuta zaidi. Usipotenganisha, utaandika huzuni mahali pa tumbaku. Fomu yetu ilikuwa na swali moja tu, "Unavuta sigara?", tena likiulizwa kibarazani, mama mkwe kaketi pembeni. Nani angesema ndiyo?

Kosa la pili lilikuwa langu. Jioni nilipanga vichupa kwa mfuatano wa siku: wa kliniki asubuhi, wa mtaani alasiri. Kila kibao cha maabara hubeba sampuli nane, na vibao havisomi sawasawa. Wagonjwa wakikaa peke yao, kasoro ya kibao hugeuka ugonjwa. Karani wa data ndiye aliyeligundua, tukapiga kura ya namba na kuvipanga upya hadi saa nne usiku.

Majibu ya AHRR yalipokuja, "hapana" kadhaa zilikuwa na methili ya wavutaji. Yule wa muguka alikuwa ameandika "ndiyo", na pembeni, bila kuulizwa: pakiti moja.