Vitabu vya Sakafuni

Ijumaa, jioni

Leo nimekaa ofisini hadi saa kumi na mbili kasoro robo, na sababu si wingi wa kazi bali jedwali. Mkurugenzi wa maktaba anataka taarifa ya robo mwaka ya kitengo chetu cha kukatalogi na kuandaa vitabu, na jedwali aliloniletea lina safu moja tu ya kujaza: idadi ya vitabu vilivyoshughulikiwa. Niliandika 1,046, nikaifuta, nikaenda kuhesabu maboksi yaliyopangwa sakafuni kuanzia mlangoni hadi chini ya dirisha. Yako 41. Nikafungua matano niliyoweza kuyafikia bila kuhamisha mengine, na katika hayo matano, manne yalijaa vitabu vya Kiswahili.

Chumba chetu kiko nyuma ya jengo, ghorofa ya chini, jirani na stoo ya viti vilivyovunjika, na msomaji hana sababu ya kukijua. Yeye anajua rafu: anakuta kitabu kimesimama mahali pake, kina lebo mgongoni, mhuri ndani na msimbopau nyuma, naye anaamini kwamba kilitoka dukani hivyo hivyo. Nilipoajiriwa mwaka 2009 tulikuwa saba humu ndani. Wawili tuliainisha na kuandika rekodi, wawili walishika daftari la mapokezi, mmoja alibandika lebo na kupiga mihuri, mmoja alijalidi vilivyochanika, na juu yetu alikuwapo mkuu wa kitengo, ambaye tulimwita Mama Daftari kwa sababu hakuna kitabu kilichovuka mlango bila yeye kukikagua kwa jicho lake. Mama Daftari alistaafu kwa lazima alipotimiza miaka 60. Fundi wa kujalidi alifariki, na mashine yake ya kukatia karatasi sasa imebeba birika la chai. Mmoja alihamishiwa kwenye machapisho ya kielektroniki, mwingine kaunta ya wasomaji, na kila alipoondoka mtu tuliambiwa kwamba nafasi yake imo kwenye ikama, tusubiri kibali. Ikama bado inasema saba. Tuliopo ni watatu, na mmoja wetu hushinda kaunta hadi saa nane mchana, ndipo anatujia akiwa amechoshwa na maswali ya watu.

Siwalaumu sana waliotupunguza. Msomaji akikuta kaunta haina mtu, malalamiko yatamfikia mkurugenzi kabla ya adhuhuri, ilhali boksi linaweza kukaa sakafuni miaka miwili bila kumpigia mtu simu.

Ninachowalaumu ni kudhani kwamba kitabu ni kitabu. Nikiletewa kitabu cha kiada cha uhasibu kilichochapishwa Marekani, naingiza ISBN yake, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kwenye Koha, programu yetu ya katalogi, nayo inakwenda kutafuta katika katalogi za maktaba kubwa za ng'ambo, na rekodi nzima inashuka ikiwa na mwandishi, namba ya Dewey ya kupangia vitabu rafuni kwa mada, na vichwa vya mada. Kazi yangu inabaki kuikagua, kuongeza namba ya nakala yetu na kukipeleka kitabu kwenye lebo. Dakika saba, mtandao ukiwa na afya. (Koha, kwa wasioijua, ilianzia New Zealand na kuanza kutumika huko mwaka 2000. Jina lake ni neno la Wamaori lenye maana ya zawadi, na kwa kweli ni zawadi, kwani hatuilipii leseni. Ila siku mtandao ukikatika inakuwa zawadi ndani ya sanduku lililofungwa.)

Sasa chukua kitabu nilichoanza nacho Jumatano asubuhi, diwani ya mashairi yenye kurasa 64, iliyochapishwa hapahapa Dar es Salaam. Jalada lina jina moja, ukurasa wa ndani una jina hilohilo likiwa limeongezewa maneno matatu. ISBN inaanza na 9987, kama inavyotakiwa kwa Tanzania, lakini tarakimu ya mwisho, ile inayothibitisha nyingine, haikubali hesabu, maana yake kuna aliyekosea wakati wa kupanga chapa. Mwaka hakuna. Nilisoma dibaji yote, nikaona mshairi anamshukuru mtu kwa msaada wa wakati wa mvua za El Niño, nikaandika mwaka wa kukisia ndani ya mabano ya mraba pamoja na alama ya kuuliza, 1998?, kama kanuni zinavyoruhusu. Kisha jina la mshairi, ambalo lina sehemu tatu na la katikati ni la babu kwa jinsi lilivyopangwa kwenye jalada, lakini dibaji imelipanga kwa namna nyingine. Ilinibidi niingie kwenye katalogi yetu kuona kama mtu huyuhuyu tulishamwandika zamani, na kwa namna gani, ili vitabu vyake visigawanyike kama watoto wa talaka. Tulishamwandika, tena kwa namna mbili tofauti. Nikazisawazisha zote.

Halafu mada. Vichwa vya mada tunavyotumia ni vya Kiingereza, kwa hiyo kitabu kinachozungumzia unyago, mahari na wivu wa mitala kinaingia chini ya mashairi ya Kiswahili, basi, na mwanafunzi atakayetafuta neno unyago hatakiona. Ndiyo maana huwa naongeza maneno ya Kiswahili katika sehemu ya 653 ya rekodi, ambayo inapokea maneno huru, na hakuna anayenilipa wala kunihesabia kwa hilo. Mwisho ni lebo. Ushairi wa Kiingereza una namba 821, tarakimu tatu zinazokaa popote. Wetu ni 896.3921, na mgongo wa diwani ile ni mwembamba kuliko penseli. Lebo haikai mgongoni, inabidi ipigwe kwenye jalada pembeni, chini kushoto, halafu ifunikwe na plastiki ising'oke kwa jasho la vidole. Dakika 55 kwa kitabu kimoja, na katika safu ya mkurugenzi kinahesabiwa kimoja, sawa na cha uhasibu.

Wakati mwingine bahati inaangukia. Library of Congress, maktaba kuu ya Marekani, ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, inayonunua na kuorodhesha machapisho ya upande huu wa Afrika, kwa hiyo kitabu kilichochapishwa kilomita nne kutoka mezani kwangu naweza kukikuta kimeandikwa rekodi safi huko Washington. Nashukuru na kuona haya kwa pamoja. Lakini vijitabu vya wachapishaji wadogo, vile ambavyo mwandishi mwenyewe anavileta na begi la mgongoni, huko havifiki, na hivyo ndivyo vilivyojaa yale maboksi manne.

Naomba niandike kosa langu mwenyewe, kwa kuwa shajara isiyo na hilo ni tangazo. Mwezi Februari tuliambiwa kwamba takwimu za kitengo zimeshuka na kwamba upimaji wa utendaji unakaribia. Nikawaambia wenzangu wawili tuanze na maboksi ya Kiingereza. Sikutoa sababu, wala wao hawakuiuliza, kwa sababu waliijua. Kwa wiki tatu tulikwenda kasi ya vitabu thelathini kwa siku, mkurugenzi akatupongeza kwenye kikao, na vitabu vya Kiswahili tulivisogeza nyuma ili tupate njia ya kupita. Nilivisogeza kwa mikono yangu. Hakuna aliyewahi kutoa amri kwamba katika maktaba ya chuo cha Tanzania kitabu cha kigeni kifike rafuni kwa siku mbili na cha nyumbani kwa miaka miwili. Tulifika hapo kwa upungufu wa watu na kwa safu moja ya jedwali.

Misaada nayo ina sehemu yake. Kati ya maboksi 41, yasiyopungua 15 ni ya vitabu vilivyotolewa na wahisani mbalimbali, na ndani yake mna lulu za kweli, kitabu cha famasia kipya kabisa kwa mfano, lakini pia mna sheria za kodi za nchi ambazo wanafunzi wetu hawatazikanyaga na miongozo ya programu za kompyuta zilizokufa. Kuchambua boksi moja kunamla mtu asubuhi nzima, na kitabu kilichokataliwa hakihesabiwi popote. Rahisi huvunja upishi.

Wanafunzi wa fildi hutusaidia, sitawasema vibaya. Wanakuja kwa wiki nane. Wiki ya tano wanaanza kuelewa, ya saba unawaachia kazi bila kuwasimamia, ya nane unawasainia fomu na kuwaaga.

Jumanne ndiyo iliyonivuruga. Mwanafunzi wa uzamili alipotea njia akitafuta choo, akachungulia chumbani kwetu, akaamkia. Nilipoitikia marahaba aliona yale maboksi na kuuliza, kwa adabu, kama ni ya kutupwa. Nikamwambia hapana, mwanangu, yanasubiri. Tukazungumza kidogo, nikajua anaandika tasnifu kuhusu tamthilia za miaka ya 1980, na kwamba tamthilia moja ameitafuta katika maktaba tatu, yetu ikiwa ya kwanza, akajibiwa haipo. Nilijua ipo. Niliiona mwaka jana kwenye boksi lenye alama ya maji pembeni, kwa kuwa jalada lake la kijani lilikuwa limegandana na la jirani yake nikalibandua polepole kwa rula. Nilimwambia akae, nikasogeza maboksi sita, nikaitoa. Alikishika kijitabu kile kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea kikombe cha uji wa moto.

Aliyemjibu kwamba haipo hakusema uongo. Katalogi ilisema haipo, na kwa msomaji katalogi ndiyo maktaba.

Nimekuwa nikikumbuka jambo hilo pamoja na maneno ya Mama Daftari, aliyekuwa mkali sana kuhusu rekodi nusunusu. Kila tulipopendekeza kuandika rekodi fupi, yenye mwandishi, jina la kitabu na namba ya boksi tu, ili kitabu kionekane kwanza na ukamilifu uje baadaye, alikataa akisema kwamba baadaye haina mshahara. Nami nilimuunga mkono kwa miaka mingi, kwa sababu nimeshasafisha rekodi za watu waliokuwa na haraka, na najua zinavyotesa. Alikuwa na haki, tulipokuwa saba. Tukiwa watatu, nimehesabu kwamba rekodi fupi ya kitabu cha Kiswahili inachukua dakika nne, na kwamba boksi moja lenye vitabu 50 hivi linaweza kumalizwa na mtu mmoja kwa asubuhi moja na nusu. Kitabu kitabaki bila lebo, bila namba ya Dewey, bila maneno yangu ya 653, lakini msomaji akikitafuta ataambiwa kipo, aulize kitengo, nasi tutakikamilisha hicho kabla ya vingine. Baadhi havitakamilishwa kamwe. Nimeliandika hilo waziwazi katika taarifa, nisije nikaonekana nimeahidi.

Taarifa yenyewe nimeimaliza muda huu. Kwenye jedwali la mkurugenzi nimejaza 1,046, kisha nikaongeza safu mbili nilizochora mwenyewe: moja ya vitabu vilivyoandikiwa rekodi kuanzia mwanzo, vikiwa 118, na nyingine ya vilivyopo sakafuni, kwa makadirio 2,000. Chini yake nimeomba mambo mawili tu. Yule mwenzetu arudishwe kitengoni siku nzima, Jumatatu hadi Jumatano, na vitabu vya kuanzia mwanzo vihesabiwe peke yake. Ya kibali cha ajira sikuyataja, maana barua yake ya mwisho iko kwenye faili tangu mwaka juzi, na ya kabla yake iko chini yake.

Mtunza funguo amepita mara ya pili. Ile tamthilia ya kijani iko mezani, nimeiwekea kipande cha karatasi chenye jina la yule binti, na Jumatatu saa mbili atakuja kuiazima. Boksi lake nimelivuta hadi miguuni pa kiti changu.