Nipime lini? Saa ya ugonjwa na majibu yanayopotosha

Wanaofika maabara wengi huuliza "nipime nini?" Ni wachache wanaouliza "nipime lini?", na hilo ndilo swali lenye uzito. Mtu ameshiriki ngono bila kinga Jumamosi, Jumatatu asubuhi keshapima VVU, majibu yametoka hasi, anarudi nyumbani roho imetulia. Kipimo chenyewe hakina kosa. Kimeulizwa mapema mno, kabla mwili haujawa na chochote cha kukionyesha.

Kila ugonjwa wa kuambukiza una saa mbili zinazoanza kuhesabu pamoja, siku kimelea kinapoingia mwilini. Moja inahesabu mpaka dalili zitokee. Huo ndio muda wa kuatamia. Nyingine inahesabu mpaka mtu aanze kuambukiza wenzake. Dalili zikitangulia, ugonjwa unashikika. Kuambukiza kukitangulia dalili, hapo kazi ipo.

Ndui ilishindwa kwa sababu dalili zake zilitangulia, pamoja na chanjo. Mgonjwa wa ndui aliambukiza baada ya kuanza kuugua, zaidi upele ulipotoka, na virusi vyake havikuwa na mnyama wa kujifichia. Ukimwona mgonjwa, unamtenga, unawachanja waliomzunguka, mnyororo unakatika. Mgonjwa wa mwisho aliyeupata ugonjwa huo kwa njia ya asili alikuwa Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kuwa ndui imekwisha. Sasa itazame polio. Chanjo yake ipo tangu 1955, lakini kati ya watu 200 hivi walioambukizwa, anayepooza ni mmoja. Waliobaki wengi hawahisi lolote, huku wakitoa virusi kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Ukisubiri mtoto apooze ndipo uanze kuchanja, virusi vimeshapita nyumba nyingi. Mafua makali ya influenza nayo huanza kuambukiza kama siku moja kabla mtu hajajisikia vibaya, ndiyo maana "nitakaa nyumbani nikiugua" husaidia, lakini hakuzuii yote.

Surua ndiyo mfalme wa hesabu hizi. Mwenye surua anaambukiza kuanzia siku nne kabla ya upele hadi siku nne baada yake, na virusi vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Katika jamii isiyo na kinga kabisa, mgonjwa mmoja hukadiriwa kuwapa ugonjwa watu 12 hadi 18. Ili mnyororo ukatike, kila mgonjwa lazima ampe ugonjwa mtu pungufu ya mmoja kwa wastani. Kama angewapa 18, basi 17 kati ya hao 18 wawe na kinga, yaani karibu asilimia 95. Lengo la asilimia 95 la chanjo ya surua linatokana na hesabu hiyo, na kwa kuwa dozi ya kwanza haimshiki kila mtoto, ipo ya pili.

Baada ya saa, njia. Vimelea huingia kwa mdomo, kwa hewa, kwa damu na majimaji ya mwili, kwa ngozi au kwa kuumwa na mdudu au mnyama, na vingine hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Orodha hii kila mtu ameisoma shuleni. Tatizo ni kwamba watu hukata njia isiyo yake. Wagonjwa wa kifua kikuu hutengewa sahani na kikombe, wakati bakteria hao huenda kwa hewa: mtu anakohoa kwenye chumba kilichofungwa, chembe ndogo zinaelea kwa saa nyingi, mwingine anazivuta. Sahani haina hatia. Kinachosaidia ni madirisha mawili yanayotazamana, yakiwa wazi hewa ipite, mgonjwa avae barakoa ya kawaida ili azuie kinachotoka mdomoni mwake, na dawa zianze mapema, kwa sababu akitumia dawa zinazomfaa uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana. Anayemhudumia karibu anahitaji barakoa inayobana uso, aina ya N95. Ile ya kawaida huacha nafasi mashavuni, na hewa hupita hapohapo.

Kosa la upande wa pili ni kitakasa mikono chenye alkoholi kutumiwa kwa kila kitu. Kikiwa na alkoholi asilimia 60 hadi 80 na kusuguliwa sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke, kinaua bakteria wengi na virusi vyenye utando wa mafuta. Virusi vya norovirusi, vinavyosababisha milipuko ya kutapika na kuhara, havina utando huo, na alkoholi haiviwezi vizuri. Hapo ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 40 hadi 60, na sabuni ifike kwenye vidole gumba na ncha za vidole, sehemu zinazorukwa zaidi. Mikono yenye uchafu unaoonekana nayo ni ya sabuni. Alkoholi haipenyi tope.

Ukishaijua njia, unaweza kuikata hata kimelea hujakiona. Mwaka 1854 daktari John Snow aliwaonyesha watu wa London kwamba vifo vya kipindupindu vilijikusanya kuzunguka pampu moja ya maji ya Broad Street, na mpini wa pampu ukaondolewa. Mwenyewe alikiri mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wamekimbia. Ukweli huo husimuliwa mara chache, labda kwa sababu unaharibu utamu wa hadithi, ila haubatilishi hoja yake kuhusu maji.

Turudi kwenye vipimo, maana ndipo saa inapowaumbua watu.

Kipimo kinaweza kutafuta kimelea chenyewe, kipande cha vinasaba vyake, protini yake (antijeni), au kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi yake. Kingamwili huchelewa. Muda kati ya kuambukizwa na kipimo kuweza kuona ndio kipindi dirisha, na hutofautiana kwa kila kipimo. Kwa VVU, kipimo cha vinasaba huweza kuona kuanzia siku 10 hadi 33, cha maabara kinachotafuta antijeni na kingamwili kwa damu ya mshipa siku 18 hadi 45, na vipimo vya haraka vya kingamwili siku 23 hadi 90. Kwa hiyo hasi ya wiki ya pili kwenye kipimo cha haraka haijakuambia kitu. Homa ya dengi inageuza upepo katikati: siku chache za mwanzo hutafutwa virusi au antijeni yake ya NS1, na kuanzia kama siku ya tano ndipo kingamwili za IgM, zile za mwanzo, zinafaa kutafutwa. Kipimo sahihi siku isiyo sahihi hutoa hasi ile ile ya mtu asiyeumwa.

Kingamwili pia hazijui kuondoka. Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo ni cha mwaka 1896 na bado kinatumika kila siku. Mtu akiwahi kuugua, akiwahi kuchanjwa au akiwa na maambukizi mengine, Widal inaweza kutoka chanya. Wengi wamemeza antibiotiki za "taifodi" ambayo hawakuwa nayo. Kipimo cha kutegemewa zaidi ni kuotesha damu, yaani kuwaacha bakteria waliomo wazaane chupani mpaka waonekane, damu iwe iliyochukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, kwa mtu mzima kama mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Damu ikiwa kidogo, bakteria wachache waliomo hukosekana. Ngozi isiposafishwa vizuri, bakteria wa ngozi ndio wataota, na mgonjwa atatibiwa kwa jina lao.

Sampuli ndiyo nusu ya jibu, na nusu hii iko mikononi mwa mgonjwa mara nyingi. Makohozi ya kifua kikuu yatoke kifuani: sukutua mdomo kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kwa nguvu, tema kwenye kopo, ukiwa nje au mahali penye hewa. Mate mepesi yenye povu hayasaidii. Ya asubuhi mara tu ukiamka huwa na bakteria wengi zaidi. Mkojo wa kuotesha ni ule wa katikati, wa mwanzo ukiwa umemwagwa, na ufike maabara ndani ya saa mbili au uwekwe kwenye friji, la sivyo bakteria wanazaana koponi na hesabu inapanda yenyewe. Chupa ya damu ya kuotesha ni kinyume: haiwekwi kwenye friji kamwe, kwa sababu baridi inawaua wengine kabla hawajaota.

Kipimo cha haraka cha malaria kinaonekana chepesi, na wepesi huo ndio mtego wake. Angalia tarehe ya kuisha muda na pakiti isiwe imetoboka, maana unyevu unaharibu kikaratasi cha ndani. Safisha kidole kwa spiriti, kisha subiri kikauke. Spiriti mbichi inachanganyika na damu na kuiharibu. Damu inayotakiwa ni ndogo sana, kwa vipimo vingi mikrolita 5, na inaingia kwenye kishimo chake, maji ya kipimo kwenye kingine, kwa idadi ya matone iliyoandikwa. Halafu tazama saa: dakika 15 au 20 kulingana na mtengenezaji. Ukisoma mapema unaweza kukosa mstari uliokuwa njiani. Ukisoma baada ya saa nzima unaweza kuona mstari usio wa kweli. Mstari hafifu ndani ya muda uliowekwa ni chanya. Mstari wa udhibiti usipotokea, kipimo kimekufa, rudia kwa kipya. Na hata ukitokea, unathibitisha kwamba maji yalipita na kipimo kinafanya kazi, hauthibitishi kwamba damu ilitosha. Maji ya kipimo yakiisha, wapo wanaodondosha maji ya kawaida, ya dripu au ya boksi la kampuni nyingine. Hapo mstari wa uongo unaweza kujichora wenyewe.

Vipimo vingi vya aina hii hutafuta protini ya vimelea iitwayo HRP2, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyetibiwa majuzi akapata homa nyingine ataonekana bado ana malaria. Huyo anahitaji hadubini: tone nene la kutafuta vimelea, tone jembamba la kutambua aina, na mtaalamu asiseme "hakuna" kabla ya kupitia angalau sehemu 100 za kuonea kwenye lenzi kubwa.

Kuna uongo mwingine usiotokana na mkono wa mtu wala na saa. Chukua watu 10,000, wagonjwa wakiwa 100. Kipimo kinawapata asilimia 95 ya wagonjwa na kinawaachia asilimia 95 ya wazima. Wagonjwa watakaotoka chanya ni 95. Wazima ni 9,900, na asilimia 5 yao ni 495, nao watatoka chanya. Jumla chanya 590, wenye ugonjwa kweli 95, yaani takribani mmoja kati ya sita. Kipimo hicho hicho, kwa watu wenye dalili ambao nusu yao wanaumwa kweli, kitakuwa sahihi kwa chanya 95 kati ya 100. Ndiyo sababu chanya ya kwanza ya magonjwa mazito hurudiwa kwa kipimo cha aina nyingine kabla mtu hajaambiwa, na ndiyo sababu sipendi vifurushi vya "pima kila kitu" kwa mtu asiye na dalili wala historia ya hatari.

Kinga nayo ina saa zake, na baadhi ni fupi mno. Ukiumwa na mbwa unayemshuku kichaa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha chanjo siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra kupita kiasi. Dawa za kuzuia VVU baada ya kujihatarisha zianze ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na zimezwe siku 28 bila kuruka. Chanjo ya surua inaweza kumkinga aliyekutana na mgonjwa ikitolewa ndani ya saa 72. Ya homa ya ini B kwa mtoto mchanga, ndani ya saa 24 za kuzaliwa.

Nyumbani kwenye mgonjwa anayehara au kutapika, klorini inahitajika, na hapa vipimo vya kuchanganyia huchezewa. Jiki yenye klorini asilimia 5: sehemu moja kwa sehemu 9 za maji inatoa asilimia 0.5, ya kumwagiwa matapishi na kinyesi. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, ni sehemu moja kwa sita. Uchafu mwingi uondolewe kwanza kwa karatasi au kitambaa huku umevaa glovu, kwa sababu uchafu unaila klorini kabla haijafika kwa vimelea. Mwagia, acha dakika 10, ndipo ufute. Changanya upya kila siku. Usiichanganye na siki wala sabuni ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka inaunguza mapafu. Na watu hawanyunyiziwi klorini: inawasha macho na ngozi, na aliyeambukizwa anaendelea kuambukiza.

Siku ya kwenda hospitali, beba karatasi yenye tarehe: lini ulikutana na mgonjwa au ulisafiri, lini homa ilianza na inapanda saa ngapi, chanjo ya mwisho ilikuwa lini. Ongeza dawa zote ulizomeza, hata vidonge viwili vya antibiotiki vilivyobaki kutoka mara iliyopita. Hivyo viwili huwa ndivyo vilivyofanya chupa ya damu isioteshe kitu.