Kutoka Miritini Hadi Loresho, Tukibishana Juu ya Angella

Mpwa wangu ana miaka 13 na ubishi wa wakili. Tangu alipoitwa kwenye mashindano ya tenisi ya chipukizi Nairobi, alikuwa ameshikilia hoja moja: Serena Williams ana mataji 23 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi duniani, ya mchezaji mmoja mmoja; Mkenya mwenzetu Angella Okutoyi ana moja, tena la wawili wawili, tena la vijana. Basi kwa nini mjomba kutwa ni Angella, Angella? Nikamwambia akatafute sweta, mengine tutayamaliza kwenye treni.

Stesheni ya treni ya Miritini, Mombasa, ina desturi yake. Kabla ya kuingia ndani, abiria hupanga mizigo chini kwa mstari, wakasogea kando, kisha mbwa wa polisi hupitishwa kunusa mfuko mmoja baada ya mwingine. Mbwa alifika kwenye begi la raketi akasimama. Akazunguka, akanusa tena mfuko wa pembeni. Mpwa wangu alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Askari akainama, akafungua zipu, akatoa furushi la gazeti lililolowa mafuta: viazi karai vya mama mtu, na pilipili yake kwenye kichupa. "Huyu mbwa hajala tangu alfajiri," askari akasema, akafunga zipu. Tukapita.

Tulipanda treni ya saa mbili asubuhi, ile inayosimama njiani. Mwenye haraka hupanda ile ya moja kwa moja, lakini mimi nilitaka kusimama Kibwezi na Emali, kwa sababu nitakayoieleza. Mariakani, Voi, Mtito Andei. Ndovu wa Tsavo walikuwepo, wekundu kama kawaida yao. Kila aliyepanda treni hii ameshawaandika, kwa hiyo niwaache.

Tulipoingia Makueni nikamwambia atazame nje vizuri. "Huyo Serena wako amefika kaunti hii." Hakuamini. Ni kweli: Novemba 2008 alikuja Matooni kufungua shule ya sekondari iliyopewa jina lake. Wakati huo alikuwa na mataji tisa ya Grand Slam, la tisa akiwa amelinyakua Marekani miezi miwili tu kabla. Kumi na manne yaliyobaki aliyapata baada ya kuondoka Makueni, na la mwisho, Melbourne Januari 2017, alilichukua akiwa na mimba changa.

"Si unaona!" mpwa wangu akaruka. "Tisa, halafu kumi na manne. Angella yuko wapi hapo?"

Nikamuuliza Serena alianzia wapi. Hilo analijua: Compton, California, yeye na dada yake Venus, baba yao akiwafundisha kwenye viwanja vya umma. Viwanja vyenye nyufa, lakini vya umma, unaingia na raketi yako hakuna anayekuuliza kadi. "Haya," nikasema, "nitajie kiwanja cha tenisi cha umma pale Mombasa." Alifikiri mpaka tukapita Emali. Yeye mwenyewe anacheza kwa sababu kocha wake anamwingiza klabu kama mgeni, saa ambazo wanachama wako makazini.

Syokimau tulishuka mchana, tukaunganisha treni ndogo hadi mjini, tukalala kwa jamaa zetu South B. Baridi ilikuwa ile ya Nairobi ya kuingia mgongoni. Sina la zaidi.

Mashindano yalikuwa yanaanza keshokutwa yake, kwa hiyo asubuhi iliyofuata tulikuwa huru. Nikampeleka Loresho. Kutoka mjini unapanda matatu ya Kangemi, unafuata Waiyaki Way, na makanga wa kwetu alikuwa na sauti iliyozidi redio. Unashuka Kangemi penyewe: mitumba imetandazwa hadi ukingoni mwa barabara, mahindi yanachomwa, bodaboda wanakuita kwa majina ambayo si yako. Kisha boda inakata, inapanda kidogo, na ndani ya dakika chache hakuna tena kelele. Ni mageti, miti mirefu, ua za michongoma zilizokatwa sawasawa, na askari wa kampuni za ulinzi wakiota jua. Sehemu mbili hizi zinapakana kama ukuta na rangi yake. Sijui mtu anaishije hapa katikati bila kujiuliza maswali.

Huku ndiko alikokulia Angella. Alizaliwa Januari 2004, yeye na pacha wake, na mama yao akafariki katika uzazi. Bibi ndiye aliyewalea, kwa kipato kidogo. Raketi aliishika akiwa na umri wa miaka minne. Mpwa wangu alikuwa akiyajua haya kwa juu juu, kama unavyojua habari za gazetini, lakini pale kando ya njia, mbele ya geti lenye kamera mbili, aliuliza swali la maana: "Mipira alikuwa akinunua nani?" Kopo la mipira mitatu anajua bei yake. Anajua pia kwamba mpira mpya hupoteza mdundo baada ya siku chache za mazoezi, ukawa wa kuchezea watoto wa mtaa.

Nikamhesabia basi. Januari 2022, Australian Open ya vijana: msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana kwenye Grand Slam, na hakuishia moja, alifika raundi ya tatu. Julai mwaka huohuo, Wimbledon, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Fainali walikutana na Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Seti ya kwanza wakapigwa 3-6, ya pili wakarudisha 6-4, na badala ya seti ya tatu ikachezwa taibreki ya pointi kumi, ambayo lazima umzidi mwenzako kwa mbili. Walishinda 11-9. Hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kutwaa taji la Grand Slam la aina yoyote kabla ya hapo. Na ni Wimbledon ileile ambayo Ons Jabeur wa Tunisia aliingia fainali ya wanawake akafungwa na Elena Rybakina.

"Na pesa walipewa ngapi?"

Vijana hawalipwi Wimbledon. Akaguna.

Siku ya mechi ndiyo niliyoiogopa tangu mwanzo, na haikunikosea. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira haupati kizuizi. Kanuni za tenisi zina hata mipira yake maalumu kwa sehemu zilizo juu ya mita 1,219. Mtoto wa Mombasa amezoea hewa nzito yenye chumvi, mpira unapigwa kwa nguvu zote na bado unatua ndani. Hapa mkono wake wa kulia, silaha yake kubwa, ukawa unapeleka mpira futi mbili nje ya mstari wa nyuma. Mara ya kwanza alitazama raketi. Mara ya tano akanitazama mimi. Alichukua michezo mitatu katika mechi nzima, kisha akaja kukaa kando yangu na udongo mwekundu hadi magotini, bila neno.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma yetu, kofia imefifia, ndiye aliyezungumza. "Binti, shikamoo hujaniamkia, lakini si kitu. Nyuzi za raketi yako zimelegea. Kwa hapa zikaze kilo moja au mbili, na mpira uuchane kwenda juu, usiusukume." Mpwa wangu akamwamkia kwa aibu: "Shikamoo babu." "Marahaba." Ikawa urafiki.

Mzee huyu alikuwa amemwona Paul Wekesa akicheza, yule aliyefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, na alikuwa na maoni makali juu ya kila kitu. Juu ya Angella alisema Wakenya walishangilia Wimbledon, wakalala. Machi 2024 Angella alitwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika kule Accra, akimshinda Mmisri, na dhahabu ile ilikuwa tiketi ya Olimpiki ya Paris kwa sharti kwamba awe ndani ya 400 bora duniani. Hakuwa ndani. Tayari alikuwa ameshakwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, kwa sababu huko kuna viwanja, makocha na masomo kwa mpigo mmoja. Mzee hakuupenda uamuzi huo. Mimi nauona ndio uliokuwa na akili, na tulibishana kidogo.

Halafu mpwa wangu akaleta lile la Mboko. Agosti 2025 msichana huyo huyo aliyefungwa 11-9 alitwaa taji la Montreal akiwa na miaka 18, fainali akimpiga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1. "Babu, Angella alimshinda Mboko. Imekuwaje?"

"Walikuwa wawili wawili, usisahau," mzee akasema. "Lakini kila pointi ya orodha ya dunia ina tiketi ya ndege nyuma yake. Mashindano madogo kabisa ya kulipwa, bingwa hupata pointi kumi na tano. Yako Monastir, Tunisia, karibu kila wiki. Mtoto wa Ufaransa anafika asubuhi. Wewe?"

Mpwa wangu alichukua simu yangu, akaanza kutafuta nauli ya Nairobi kwenda Tunis na kurudi. Akazidisha kwa wiki nne. Akaongeza nyuzi, mipira, chumba. Nilimwona akifuta na kuanza upya, safari hii akijaribu kupitia Cairo, ndipo msimamizi akaliita jina lake kwa mechi za waliotoka raundi ya kwanza, kiwanja namba tatu.