Discovery 3 iliyogoma kunyanyuka: shida ilikuwa kwenye gurudumu, si kwenye kompresa

Gari langu ni Land Rover Discovery 3, lile la umbo la boksi lililotengenezwa kati ya 2004 na 2009. Halina springi za chuma. Kila kona imekalia puto la hewa, na kompresa iliyofungwa chini ya gari, karibu na tairi la nyuma la kushoto, ndiyo inayojaza tangi na maputo hayo. Ukibonyeza swichi, gari linapanda kama milimita 55 juu ya kimo cha kawaida. Kwangu hilo si anasa. Njia ya kuingia nyumbani, nje kidogo ya Kibaha, masika ikifika inakuwa mashimo na tope, na usiponyanyua gari, tumbo linakwaruza.

Ugonjwa ulianza hivi. Nikinyanyua gari, nikakata kona kali ya kushoto kuingia kwangu, dashibodi inawaka: taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki), taa ya saspensheni, ujumbe kwamba HDC (msaada wa kushuka mlima polepole) haifanyi kazi, kisha gari linajishusha na kubaki kwenye kimo cha kawaida. Ukibonyeza swichi tena, halitaki. Nikizima, nikiwasha na kutembea kidogo, taa zote zinazimika, na naweza kwenda Dar na kurudi nikiruka matuta yote ya njiani bila kuona taa hata moja.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha hakuchukua hata dakika tano. "Kompresa imechoka, bosi. Hizi gari ndiyo ugonjwa wake." Ni kweli kompresa za magari haya huchoka, hasa yanayotembea kwenye vumbi. Lakini kompresa iliyochoka inanyanyua gari polepole, inanguruma muda mrefu na inachemka mpaka inajizima. Yangu ilikuwa inanyanyua gari upesi kabisa. Halafu kuna ile taa ya ABS. Puto likivuja au kompresa ikifa, HDC na Terrain Response (mfumo wa kuchagua aina ya njia unayopita) zinaweza kuzimika, kwa sababu zinategemea saspensheni, ila taa ya ABS haina sababu ya kuwaka. Nikamshukuru, nikaondoka na gari langu.

Ili shida hii ieleweke, ni lazima ujue nani anamtegemea nani. Kila gurudumu lina sensa inayosoma pete ya sumaku iliyo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), pamoja na beringi. Sensa nne zinapeleka habari kwenye kompyuta ya ABS, nayo inapiga hesabu ya mwendo wa gari na kuutangaza kwenye mtandao wa waya unaoitwa CAN, ambao kompyuta nyingine zote zinausikiliza. Kompyuta ya saspensheni ni mmoja wa wasikilizaji. Inahitaji mwendo huo ili iamue: gari likiwa limenyanyuliwa na likapita takriban kilomita 50 kwa saa, linatakiwa lishuke lenyewe, maana gari refu kwenye mwendo mkali ni rahisi kupinduka. Mwendo usipojulikana, kompyuta haibahatishi. Inachagua kimo cha kawaida na kukaa hapo. Kwa hiyo saspensheni yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa inatii ilivyofundishwa.

Kabla ya kugusa gurudumu nilipitia mambo mawili ya bei nafuu. La kwanza umeme: betri ikipumzika ilisoma volti 12.6, na injini ikiunguruma 14.2, vizuri kabisa. Gari hili likikosa umeme wa kutosha linatoa malalamiko ya kila aina, kwa hiyo usiruke kipimo hiki. La pili ni swichi ya taa za breki iliyo juu ya pedali. Ni kidude kidogo tu, lakini kikichoka kinawasha takriban taa hizi hizi, na wenye Discovery 3 wengi wameshakutana nacho. Yangu ilikuwa nzima.

Baada ya hapo nikaazima skana inayosoma kompyuta zote za gari. Zile ndogo za bei rahisi, za kuunganisha na simu, mara nyingi zinasoma injini peke yake, na hapa hazitakusaidia. Kwenye saspensheni ilikuwepo namba moja ya hitilafu, U0415. Kwenye ABS ilikuwepo C0034.

Hapa ndipo watu wanapoteza hela. Namba inayoanza na U inahusu mawasiliano, na U0415 maana yake ni kwamba habari iliyotoka ABS imefika lakini haiaminiki. (Ingekuwa U0121, maana yake mawasiliano na ABS yamekatika kabisa, na ningetafuta waya au fyuzi ya kompyuta yenyewe.) Yaani saspensheni ilikuwa inamlalamikia mwenzake. C0034 ndiyo iliyomtaja mgonjwa: sensa ya gurudumu la mbele, kulia. Ukisoma kompyuta ya saspensheni peke yake, utabadilisha vipuri vya saspensheni mpaka uchoke.

Bado sikununua sensa. Namba inakuonyesha mzunguko wenye shida, na ndani ya mzunguko huo kuna sensa, waya, soketi, pete ya sumaku na beringi. Kupima sensa hizi kwa omu (ukinzani wa umeme) hakukusaidii sana kama kwenye zile za zamani za koili, kwa sababu za kisasa zina elektroniki ndani na zinapewa umeme na kompyuta. Kinachosema kweli ni kuangalia namba za mwendo wa magurudumu manne gari likitembea.

Jumapili asubuhi nikamchukua mpwa wangu, nikamkabidhi skana, tukaenda kwenye uwanja mkubwa usio na watu. Gari likiwa kimo cha kawaida, kilomita 20 kwa saa, namba zote nne zilikwenda pamoja. Tukizunguka, magurudumu ya nje yalisoma zaidi kidogo kuliko ya ndani, na ndivyo inavyotakiwa. Beringi ikiwa imelegea, au pete imeshika unga wa chuma, namba ya gurudumu hilo ingekuwa inarukaruka hata kwenye mstari ulionyooka. Haikuruka.

Nikanyanyua gari. Mstari ulionyooka, sawa. Nikakata usukani wote kushoto.

"Mjomba, ya mbele kulia imekuwa sifuri!"

Sekunde chache baadaye taa zikawaka moja baada ya nyingine. Nikanyoosha usukani, na ile namba ikarudi hai, ingawa taa zilibaki.

Kitu kinachokufa kwa kunyanyuliwa na kukunjwa ni waya. Gari likipanda, magurudumu yanabaki chini na mwili unakwenda juu, kwa hiyo waya unaotoka kwenye habu kwenda kwenye bodi unavutika. Ukikata kona, unavutika zaidi. Hivyo saspensheni ilikuwa inauvuta waya, waya unakata habari ya mwendo, na kukosekana kwa mwendo kunaizuia saspensheni. Ndiyo maana barabarani, gari likiwa kimo cha kawaida, hakukuwa na shida yoyote.

Nyumbani niliweka gari kwenye stendi imara chini ya fremu na kutoa tairi. Naomba sana, usiingie chini ya gari la mfumo huu likiwa limeshikiliwa na hewa au jeki peke yake. Hewa ikitoka, linashuka bila kukuonya. Waya nikaufuata kwa vidole kutoka kwenye habu. Habu ilikuwa imewahi kubadilishwa kabla sijalinunua gari, na aliyeifunga hakurudisha waya kwenye vishikizo vyake. Aliubana na mpira wa breki kwa kamba ya plastiki, bila kuacha nafasi. Pale pale kwenye kamba, ganda lilikuwa limepasuka, na nilipoukunja, shaba ya ndani ilionekana ya kijani, nyuzi chache tu zikiwa zimeshikana.

Wapo watakaokwambia ukate, uunge na kuzungushia selotepu. Mimi sikubali. Ishara ya sensa hii ni umeme mdogo mno, miliampea 7 na 14 zikipishana, na kiungo kikiingia maji ishara inaharibika. Tena hapo ndipo panapokunjwa kila siku. Nilinunua sensa mpya iliyokuja na waya wake na nikalinganisha urefu na ya zamani kabla ya kulipa, maana za bandia nyingine zina waya mfupi.

Kuitoa ya zamani kulihitaji subira. Bolti ni moja tu, lakini sensa hushikwa na kutu. Nilipulizia mafuta ya kulainisha kutu, nikasubiri, kisha nikawa naizungusha kidogo kidogo kwa plaisi. Ukiichokonoa kwa bisibisi inakatikia ndani, na hapo unaweza kulazimika kutoa habu nzima. Nikasafisha tundu, nikaweka mpya, nikapitisha waya kwenye vishikizo vyake vyote, halafu nikamwambia mpwa akate usukani pande zote mbili huku nikitazama kama kuna mahali unakazwa.

Namba nilizifuta kwenye ABS kwanza, kisha kwenye saspensheni, tukarudi uwanjani na kurudia zoezi lile lile gari likiwa juu na usukani umekatwa wote. Namba nne zikakaa pamoja, gari likabaki juu.

Utaratibu huu nimeshamwelekeza jirani mwenye Volkswagen Touareg ya saspensheni ya hewa, kwa sababu hata magari hayo yanapeleka mwendo kutoka ABS kwenda saspensheni kwa njia hiyo hiyo. Gari likilala kona moja usiku kucha na taa ya ABS haijawaka, chukua maji ya sabuni utafute uvujaji. Taa ya ABS ikiwaka pamoja na ya saspensheni, anza na betri, swichi ya breki na magurudumu.

Upande wa kushoto nao nilikuta kamba ya plastiki ile ile. Niliikata, waya ulikuwa bado mzima, nikaurudisha kwenye vishikizo vyake.