Ami wa halwa si mhadhiri

Leo mchana, hapa Lamu, Ami wa halwa aliishika lebo ya makopo yake, akaigeuza huku na huku, akaisogeza karibu na macho, kisha akauliza, "Mwanangu, ina langu liko wapi?" Jina lilikuwepo. Limeandikwa kwa herufi nyembamba za dhahabu juu ya rangi ya maziwa, namna ile inayopendeza sana kwenye skrini. Binti wa Faza, mwanafunzi wangu aliyeichora, akanitazama. Mimi nikageukia dirishani, punda walikuwa wakipita na mchanga wa ujenzi. Nikijibu mimi, mteja anakuwa wangu.

Binti akajikaza akauliza: "Ami, wanunuzi wako huisoma wakiwa wapi?"

"Wapi tena? Jetini! Mashua yataka kuondoka, mtu ana mizigo mikono miwili."

Basi. Hapo ndipo kazi ilipoanza, baada ya rasimu zote zile.

Wanafunzi wangu ni wawili, yeye na kijana wa Witu, wote wanasoma dizaini ya grafiki chuoni Mombasa na wamekuja kwangu atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Chuoni wamefundishwa vizuri, sitaki kumwonea mwalimu yeyote. Wanajua gridi, wanajua kuacha nafasi, wanajua kuoanisha rangi. Ila wateja wao wote walikuwa wa kubuni: mkahawa usiokuwepo, shirika la ndege lisilo na ndege. Mkahawa usiokuwepo haulalamiki, wala hauna bosi mwenye macho ya uzee.

Halwa ina mambo yake. Wanga, sukari, samli, iliki, inakorogwa kwenye karai mpaka mabega yaume, na ile samli haijui heshima ya karatasi. Lebo ya kwanza ilichapwa kwenye karatasi ya kawaida na ikalowa mafuta kabla kopo halijauzwa. Kijana wa Witu akaenda kutafuta stika ya plastiki, akaibandika kwenye kopo lililojaa, akaliacha juani barazani alasiri nzima aone kama gundi itashika. Hakuna aliyemtuma. Nilifurahi nikanyamaza, maana ukimsifu mtu mapema huacha kupima.

Zamani halwa ya safari ilitiwa kwenye mfuko wa plastiki na mambo yakaisha. Mifuko ya kubebea ilipopigwa marufuku Agosti 2017, Ami alihamia makopo, na kopo linataka sura. Sasa anaota supamaketi za Malindi na Mombasa, na huko sura pekee haitoshi. Panatakiwa jina la bidhaa, viungo, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, anwani ya mtengenezaji, na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Yote hayo juu ya kifuniko kisichozidi kiganja! Kijana alikuwa ameshaipakua ile alama kutoka mtandaoni na kuipachika pembeni ili "ikamilishe mpangilio". Nilimwambia aitoe kabla hajaketi. Ami bado yuko mbioni kutafuta kibali, na alama ile hupewa mwenye kibali, haichorwi kwa hisani. Wameacha nafasi yake tupu, na Ami anaiangalia nafasi hiyo kwa hamu kuliko sehemu nyingine yote ya lebo.

Halafu rangi. Binti alichagua buluu-kijani ya maji ya Shela saa nne asubuhi, inayong'aa hasa. Sampuli ikarudi kutoka kwa mchapishaji Mombasa, kwa basi hadi Mokowe na kwa boti hadi hapa, imefifia kama kanga iliyofuliwa miaka. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa ina wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na kuna rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii hata ufanyeje. Jambo hilo alilijua, tena alilijibu kwenye mtihani. Hakuwa amewahi kulilipia nauli.

Kilichonipendeza zaidi ni mambo ya maandishi ya Kiarabu. Ami alitaka jina lake liwepo kwa herufi hizo pia, kama lilivyo juu ya mlango wa duka. Kijana akalibandika kwenye programu, na programu, kwa vile haikuwa imewekewa mpangilio wa Kiarabu, ikazitenganisha herufi moja moja na kuzianzisha kushoto. Yeye hakuona tatizo, kwake ilikuwa michoro mizuri tu. Binti, aliyekulia madrasa, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha wakakubaliana wenyewe kwamba maneno yoyote ambayo mmoja wao hasomi yatapitiwa na msomaji wake kabla ya kuchapwa. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Wameibandika ukutani karibu na feni.

Mahali nilipofanyia mimi atachimenti nilipiga fotokopi na kutumwa chai, na mwisho nikapewa barua ya kusifiwa nidhamu. Ndiyo maana hawa nawaachia hata mazungumzo ya pesa, ingawa wenzangu wa fani wananiambia naharibu bei. Wanafunzi wengi huiva katika kila kitu isipokuwa kutaja kiasi. Sauti inashuka, macho yanakwenda sakafuni. Leo Ami alimwambia binti, "Lakini kompyuta ndiyo inayofanya, wewe walipwa kwa lipi?" Akajibu bila kusita, "Na halwa, Ami, yapikwa na karai?" Ami akacheka, akapunguza ubishi, ila hakuacha kuomba apunguziwe bei. Wakakutana katikati. Nusu ametoa leo, nusu akipokea stika zote, na wamemwandikia risiti. Pesa hizo watagawana wao. Chumba na umeme wanapata kwangu, na anayechora kazi ya mteja anayelipa hastahili kulipwa kwa "uzoefu".

Fomu ya tathmini waliyoniletea ina mistari ya kufika kwa wakati, usafi na ushirikiano. Mahali pa kuandika kwamba mtu amejua kumuuliza mteja swali, hakuna. Nimeandika pembezoni, kwa herufi ndogo, na mkaguzi wa chuo akija atavumilia.

Kesho ni zamu ya nahodha anayepeleka wageni Manda. Anataka nembo yenye tanga, nanga, pomboo, machweo na namba yake ya simu, vyote, na malipo baada ya msimu. Wameniuliza wamjibu nini kuhusu malipo. Nimewarudishia swali. Kijana anasema wakubali, nahodha ni mtu wa kwao. Binti anasema bila nusu ya kwanza hachori hata tanga. Nimewaacha wakibishana nikashuka kununua mkate wa mofa.